MAJINA YA MADHEHEBU NA WAFUASI WAKE: KUTOKA BASRA HADI MITEREMKO YA KILIMANJARO

  

Katika vihamba vya Kilimanjaro, kuanzia Machame hadi Rombo, si ajabu kukuta chini ya migomba ya ukoo mmoja makaburi ya watu wa imani mbalimbali: babu aliyeshika mila za wazee wake, mwanawe Mlutheri, mkwe Mkatoliki, na mjukuu aliyelazwa akielekezwa Qibla. Wachagga wana desturi ya kuzika kihambani, na kihamba hakimuulizi mtu dhehebu lake. Wanaouliza ni walio hai. Siku ya msiba hapana budi ijulikane: marehemu alikuwa nani? Nani atamuosha, nani atamswalia, na mali yake itagawiwa kwa sheria ipi? Majibu ya maswali yote hayo hutegemea neno moja aliloitwa katika uhai wake.

Makala haya yanachunguza maneno ya namna hiyo: yametoka wapi, nani aliyeyatoa, yalifikaje Moshi na milimani, na fiqhi inatuambia nini kuhusu kuyatumia. Wengi wetu huyatamka barazani bila kufikiri, kana kwamba ni majina ya mboga sokoni. Lakini mwanafunzi wa fiqhi anajua kuwa baadhi ya maneno hayo, yakitamkwa, huvunja ndoa na kuzuia mirathi.

DHEHEBU, MILA NA ITIKADI

Tuanze na neno lenyewe, "madhehebu". Asili yake ni "madhhab" la Kiarabu, kutokana na kitendo "dhahaba", yaani alikwenda. Kwa hiyo madhhab ni mahali pa kupita, ni njia. Mafaqihi walilitumia kwa maana ya njia ya kufahamu hukumu za sheria: madhhab ya Abu Hanifa, ya Malik, ya Shafii, ya Ahmad bin Hanbal. Neno hilo lilipoingia katika Kiswahili, masikio ya Waswahili yalisikia "ma-" ya mwanzo kuwa ni alama ya wingi, kama katika "magari" au "mashamba". Wakatafuta umoja wake, wakapata "dhehebu". Mwarabu akisikia "dhehebu" peke yake hatafahamu kitu, na pengine atadhani unazungumzia dhahabu.

Hilo si kosa la lugha. Kila lugha hukivalisha kinachoingia ndani yake nguo zake. Tatizo liko katika maana. Waarabu wana maneno mbalimbali: "madhhab" kwa njia ya fiqhi, "firqa" kwa kundi lililotengana na wengine katika itikadi, na "twaifa" kwa jamii ya watu wa imani fulani. Sisi tumeyakusanya yote katika neno "dhehebu". Shafii na Hanafi tunaita madhehebu mawili. Sunni na Shia tunaita madhehebu mawili. Walutheri na Wakatoliki nao ni madhehebu mawili. Kijana anayekua Moshi akisikia hivyo atadhani kuwa umbali kati ya Shafii na Hanafi ni sawa na umbali kati ya makanisa mawili yasiyoshiriki meza moja. Hajui kuwa Imamu Shafii alisoma kwa Imamu Malik, na kwa Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Hajui pia kuwa kutofautiana kwao katika qunuti ya alfajiri hakukumfanya yeyote kati yao amtoe mwenzake katika Sunna, seuze katika Uislamu.

Neno "mila" limesafiri mbali zaidi. Katika Qur'ani, mila ni dini. Mila ya Ibrahim ni dini ya Ibrahim. Katika Kiswahili mila imekuwa desturi za kabila, na mara nyingi huwekwa upande wa pili wa dini: "hili ni la dini, lile ni la mila". Neno lililokuwa likibeba dini sasa linabeba kile ambacho dini inashindana nacho. Mwenye kusoma tafsiri ya Qur'ani bila kulijua hili anaweza kupotea njia.

"Itikadi" ni neno la tatu. Limetokana na "'aqd", yaani fundo. Itikadi ni kile ambacho moyo umekifunga usikiachie. Leo hii tunasikia pia "itikadi ya chama", na si vibaya, kwa sababu siasa nazo zina mafundo yake. Ama "falsafa" ni neno la Kiyunani lililopita kwa Waarabu kabla ya kutufikia sisi. Waislamu wa zama za Bani Abbas walilichukua pamoja na vitabu vyake, wakamwita mwenye elimu hiyo "faylasuf", nasi tukamwita "mwanafalsafa".

VIAMBISHI VITATU NA YAA YA NISBA

Mwarabu akitaka kutaja mfuasi wa mtu au wa fikra huongeza "yaa" ya nisba mwishoni: Shafii, Hanbali, Ash'ari. Akitaka kulitaja kundi au fikra yenyewe huongeza "-iyya": Shafiiyya, Ash'ariyya, Qadiriyya. Kiswahili hufanya kazi hiyo mwanzoni mwa neno. "M-" na "Wa-" ni za watu: Mwislamu, Wakristo, Walutheri. "U-" ni ya fikra au mwendo: Uislamu, Ukristo, Usunni. "Ki-" ni ya namna: ndoa ya Kiislamu, kanisa la Kilutheri.

Kwa kiambishi hicho cha "U-" Waswahili wameweza kutaja hata falsafa za siasa bila kuazima. Waarabu walipotafsiri fikra ya mali kuwa ya umma walisema "ishtirakiyya", kutokana na kushirikiana. Mwalimu Nyerere mwaka 1962 aliandika juu ya "Ujamaa", na mwaka 1967 Azimio la Arusha likaufanya kuwa njia ya taifa. Asili ya "jamaa" ni neno lile lile "jama'a" tunalolisikia katika "Ahlu Sunna wal Jamaa". Waarabu walilitumia kwa umma uliokusanyika pamoja. Waswahili walilifanya kuwa la ndugu wa ukoo. Nyerere akalirudisha kwa umma. "Ubepari" nao umetokana na neno la Kihindi la mfanyabiashara, na "ukabaila" na neno la Kiarabu la kabila, ambalo kwa Waswahili wa kale lilimtaja mtu wa nasaba tukufu. Sifa ikageuka kuwa lawama. Tulikumbuke hili tunapofika kwenye majina ya dini, kwani huko pia sifa hugeuka lawama, na lawama hugeuka sifa.

NANI ALIYETOA JINA?

Anayechunguza historia ya makundi ataona kuwa majina mengi tunayoyatumia hayakutolewa na wenyewe, bali yalitolewa na wapinzani wao.

Wasil bin Ata (aliyefariki mwaka 131 Hijria) alikuwa akihudhuria darasa la Hasan al-Basri huko Basra. Inasimuliwa kuwa waliposhindana juu ya mwenye kutenda dhambi kubwa, Wasil aliondoka akaketi penye nguzo nyingine ya msikiti. Hasan akasema kuwa Wasil amejitenga nasi. Kutokana na kujitenga huko wakaitwa Mu'tazila. Wao wenyewe walipenda kuitwa Watu wa Uadilifu na Tawhidi.

Katika mji huo huo wa Basra alikuwapo Jabir bin Zayd, mwanachuoni wa Kiomani aliyesoma kwa Ibn Abbas. Wafuasi wa njia yake walijiita Jamaa ya Waislamu, na Watu wa Istiqama, yaani unyoofu. Jina la "Ibadhi", linalonasibishwa na Abdallah bin Ibadh, walipewa na wengine, na ilipita muda mrefu kabla ya wao kulikubali. Hadi leo Ibadhi hukataa kuhesabiwa miongoni mwa Khawarij, ingawa waandishi wengi wa vitabu vya makundi waliwatia humo.

Ukitazama upande wa Wakristo utakuta hali ni hiyo hiyo. Vitabu vyao vinaeleza kuwa wafuasi wa Isa waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza katika mji wa Antiokia, na hawaelezi kuwa wao ndio waliojiita hivyo. Jina la "Walutheri" lilitumiwa kwanza na wapinzani wa Martin Luther, naye mwaka 1522 aliwaomba watu wasijiite kwa jina lake. Hawakumsikiliza. Leo waumini wengi katika miteremko ya Kilimanjaro wanalibeba jina hilo kwa fahari, na tangu mwaka 1963 limo katika jina rasmi la kanisa lao: Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Neno "Walokole" nalo lilitoka Uganda, kutokana na neno la Kiganda la waliookoka, pamoja na uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930. Wengine hulitamka kwa heshima na wengine kwa kucheka. Neno ni lile lile. Sauti ndiyo hutofautiana.

Kwetu sisi Waislamu mfano unaojulikana zaidi ni "Wahabi". Sheikh Muhammad bin Abdul-Wahhab (aliyefariki mwaka 1206 Hijria, sawa na 1792) na wafuasi wake walijiita Muwahhidun, watu wa Tawhidi. Jina la Wahabi walipewa na waliowapinga. Mwenye kujua nahau atatambua kuwa hata nisba yenyewe ina kasoro: Abdul-Wahhab ni baba, si mwenye daawa, na al-Wahhab ni jina la Allah (s.w.), Mwingi wa kutoa. Aliyekusudia kulaumu amemnasibisha mlaumiwa na jina tukufu kabisa. Katika nchi yetu wengi wanaonasibishwa na njia hiyo hujiita Answari Sunna au Salafi, nao wakawaita wengine "watu wa bidaa". Hapo pande zote mbili zimepeana majina ambayo hakuna upande unaoyakubali.

Yako pia majina ambayo hayasemi itikadi hata kidogo, ingawa sisi tunadhani yanasema. Mtu wa Moshi mjini husema "Khoja" au "Bohora" akidhani ametaja dhehebu. Khoja limetokana na neno la Kiajemi la bwana au mtukufu, na Bohora linahusishwa na biashara katika lugha ya Kigujarati. Hayo ni majina ya jamii za watu. Katika Makhoja wamo Ismailia wanaomfuata Aga Khan, na wamo Ithnaasheri wanaofuata maimamu kumi na wawili; na huko Gujarat wako Mabohora wa Kisunni. Kwa hiyo ukimwita mtu Khoja hujasema lolote juu ya imamu anayemfuata.

HERUFI MOJA TU

Kiswahili hakitofautishi baadhi ya herufi za Kiarabu, wala hakikazi shadda wala hakirefushi irabu kama Waarabu wanavyofanya. Kutokana na hili, makundi yaliyo mbalimbali huweza kuonekana ni moja.

Mfano wa kwanza ni Qadiriyya na Qadariyya. Qadiriyya, kwa alif baada ya qaf, ni twariqa inayonasibishwa na Sheikh Abdul-Qadir al-Jilani wa Baghdad (aliyefariki mwaka 561 Hijria). Twariqa hii ilienezwa sana Afrika Mashariki na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, na dhikiri zake zilipenya bara pamoja na misafara na reli. Qadariyya, bila alif, ni watu wa karne ya kwanza na ya pili ya Hijria waliojadili juu ya qadari, nao wamelaumiwa katika riwaya ambazo wanachuoni wamezijadili isnadi zake. Kwa Kiswahili zote mbili huweza kuandikwa "Kadiria". Basi mwanafunzi akisoma kwa Kiswahili kuwa "Kadiria ni Majusi wa umma huu", kisha akatoka na kumkuta mzee akishika uradi wa twariqa, atamhukumu kwa dhambi ya watu waliokufa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mzee huyo kuzaliwa. La ajabu zaidi ni kuwa hata katika zama zile kila upande uliusukumia mwingine jina la Qadariyya. Waliokanusha qadari waliitwa hivyo na wapinzani wao, nao wakajibu kuwa anayestahiki jina ni yule anayeithibitisha qadari katika kila jambo.

Mfano wa pili ni Wahbi na Wahabi. Ibadhi wa Oman hujinasibisha na Abdallah bin Wahb al-Rasibi, aliyeuawa Nahrawan mwaka 38 Hijria, na kwa ajili yake wakaitwa Wahbiyya. Kati yao na Wahhabiyya wa Najd kuna zaidi ya karne kumi na moja, na tofauti kubwa za itikadi. Kinachowatenganisha katika maandishi ni shadda na alif.

JINSI MAJINA YALIVYOUPANDA MLIMA

Uislamu ulifika Kilimanjaro kabla ya majina haya. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima na theluji yake, kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani. Misafara ya Pangani na Mombasa ilikuwa ikifika huku kutafuta pembe za ndovu. Mwaka 1885 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Jenerali Mathews pamoja na askari ili Mamangi wa Kilimanjaro wamtambue, na miongoni mwa waliokuwa na urafiki na Sultani huyo alikuwa Mangi Rindi wa Moshi. Tazama mchanganyiko wa safari ile: Sultani ni Ibadhi, Waswahili walio wengi katika dola yake ni Sunni wa madhehebu ya Shafii, na mkuu wa jeshi ni Mwingereza Mkristo. Wenyeji wa mlimani hawakuwa na sababu ya kuzipambanua tofauti hizo. Kwao wote walikuwa watu wa pwani. Kwa muda mrefu katika bara ya Tanganyika mtu akisilimu husemwa kuwa "amekuwa Mswahili", jina la watu likawekwa mahali pa jina la dini.

Upande wa misheni mambo yalikuwa hivyo hivyo. Waingereza wa CMS walikuwa Moshi ya zamani kuanzia 1885 hadi 1892. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliingia Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Kibosho. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893. Huko Upare Waadventista walifika mwaka 1903, nao watu wakawaita Wasabato kwa ile siku wanayopumzika. Kila misheni ilishika upande wake, kiasi kwamba dhehebu la mtu mara nyingi liliamuliwa na mto uliopakana na kihamba cha baba yake. Aliyezaliwa Kibosho akawa Mkatoliki, aliyezaliwa Machame akawa Mlutheri. Wala hakuna kati yao aliyewahi kukaa kitako kupima hoja za Luther na za Papa. Hata jina la Mungu, "Ruwa", walilokuwa nalo wazee wao, lilibaki likitumiwa na Wachagga Wakristo katika lugha yao.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji mpya ukakua chini ya mlima pembezoni mwa stesheni. Hapo ndipo majina ya Kiislamu yalipoanza kuwa mengi. Waliokuja na reli na maduka ni Waswahili wa Tanga na Pangani, Waarabu, Wasomali, na Wahindi wa kila aina: Masunni wa Kihanafi, Ismailia, Ithnaasheri na Mabohora. Kila jamii ilikuwa na mahali pake pa ibada. Msikiti wa Riadha wa Moshi unabeba jina lile lile la msikiti mashuhuri wa Lamu unaohusishwa na Habib Swaleh na maulidi yake. Majina ya mizozo yalikuja nyuma ya hapo, pamoja na vitabu, kanda na vijana waliosoma nje. Mzee aliyeswali kwa Shafii miaka hamsini, bila ya kujua kuwa anaitwa chochote zaidi ya Mwislamu, siku moja akaambiwa kuwa yeye ni "mtu wa bidaa". Na mjukuu wake aliyeacha kuleta qunuti akaambiwa kuwa ni "Wahabi". Wanakaa nyumba moja, na maji ya udhu wanayachota mfereji mmoja.

HUKUMU YA KUITANA MAJINA

Allah (s.w.) katika Surat al-Hujuraat, aya ya 11, amewakataza waumini kudharauliana, kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya, na akaeleza ubaya wa jina la ufasiki baada ya mtu kuamini. Wafasiri wametaja kuwa linaingia humo kumwita mtu kwa dini aliyoiacha. Basi mtu aliyesilimu miaka thelathini iliyopita, kisha watu wakawa bado wanamtaja kwa ule ukafiri wake wa zamani, au wakamwita mwanawe "mtoto wa kafiri", hao wameingia katika makatazo ya aya hiyo. Huyo ni Mwislamu kama Waislamu wengine.

Tena si majina mabaya peke yake. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Jabir bin Abdallah kuwa katika safari moja Muhajiri alimpiga Answari. Huyu akawaita Answari wenzake, na yule akawaita Muhajirina. Mtume (s.a.w.) aliposikia alikasirika, akauita mwito huo kuwa ni wa kijahiliya. Zingatia, ndugu msomaji: Muhajirina na Answari ni majina ambayo Allah mwenyewe ameyasifu katika Kitabu chake. Hayakuharamika kuwa majina. Lililoharamika ni kuyafanya kuwa baragumu la vita. Ikiwa hali ni hiyo kwa majina yaliyosifiwa na Qur'ani, itakuwaje kwa majina yaliyotungwa barazani?

Ama neno "kafiri" kwa Mwislamu mwenzako, hadithi sahihi inaonya kuwa litamrudia mmoja wa wawili hao. Wanachuoni wameweka masharti mazito: ithibiti kauli au kitendo, iwepo hoja, na kuondoke kila shaka ya ujinga, kulazimishwa au taawili. Pia wameweka kanuni kuwa kinacholazimiana na kauli ya mtu si kauli yake mpaka mwenyewe akikubali. Huwezi kusema, "Fulani anasoma maulidi, na kusoma maulidi kunalazimisha kadhaa, na kadhaa ni shirki, basi fulani ni mshirikina." Wala huwezi kusema, "Fulani hasomi maulidi, na asiyesoma hampendi Mtume, na asiyempenda Mtume si muumini." Ngazi zote mbili zina vidato vya hewa. Hata katika suala la wanaoitwa "Makadiani" na wenyewe hujiita Ahmadiyya, ambalo Rabita ya Makka ilitoa kauli yake mwaka 1974, hoja ya wanachuoni haikuwa jina. Hoja ilikuwa ni kuhitimishwa kwa utume kwa Muhammad (s.a.w.). Mwenye hoja hahitaji jina la kejeli.

Kwa asiyekuwa Mwislamu kuna adabu yake. Hukumu ya fiqhi ni kitu kimoja, na namna ya kumwita mtu ni kitu kingine. Nabii Ibrahim (a.s.) katika Surat Maryam amemlingania mzazi wake aliyeabudu masanamu, na mara nne akamwita baba. Mtume (s.a.w.) alipomwandikia Hirqal alimtaja kuwa mkuu wa Warumi, cheo ambacho watu wake walimtambua nacho. Kijana aliyesilimu Marangu au Uru, ambaye mama yake ni Mlutheri, hana ruhusa ya kumwita mama yake kwa neno lingine zaidi ya mama.

Kisha kuna mirathi, na hapa neno linakuwa na bei. Hadithi ya Usama bin Zayd inaeleza kuwa Mwislamu hamrithi kafiri wala kafiri hamrithi Mwislamu, na hiyo ndiyo kauli ya jamhuri, ingawa imepokewa kutoka kwa Muadh na Muawiya kuwa Mwislamu humrithi jamaa yake asiyekuwa Mwislamu. Kwa familia za Kilimanjaro zilizochanganyika, njia iliyo wazi ni mzazi kutoa hiba angali hai, au kuacha wasia usiozidi thuluthi kwa asiyemrithi. Upande wa serikali, mirathi nchini Tanzania huweza kwenda kwa sheria ya Kiislamu, kwa mila za kabila, au kwa Sheria ya Mirathi ya India ya 1865, na mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi na nia aliyoidhihirisha. Watu wataulizwa: aliswali? Alifunga? Alijiita nani? Basi yule aliyetumia miaka kumi kumwambia ndugu yake mbele ya majirani kuwa "wewe si Mwislamu, wewe ni Shia", au "wewe si Mwislamu, wewe ni Wahabi", ajue kuwa anaandaa ushahidi. Siku nduguye akifa, maneno yale yanaweza kusimama mahakamani yakidai kuwa mayatima wake wasigawiwe kwa Kitabu cha Allah.

HITIMISHO

Abdul-Qahir al-Baghdadi (aliyefariki 429 Hijria) na al-Shahrastani (aliyefariki 548 Hijria) wote waliandika juu ya makundi, na wote waliifuata ile hadithi ya makundi sabini na tatu, jambo lililowafanya waandishi wa fani hii kuyagawanya makundi madogo ili hesabu itimie. Lakini al-Shahrastani alijiwekea sharti: kuieleza kauli ya kila kundi kama inavyopatikana katika vitabu vyake lenyewe, bila ya kulipendelea wala kulionea. Miaka karibu mia tisa imepita, na sharti hilo bado ni gumu kwa wengi wetu.

Linalotupasa ni kidogo na linawezekana. Mtu aitwe kwa jina analolikubali. Neno la Kiarabu lirudishwe kwenye herufi zake kabla ya kujengewa hukumu. Tofauti ya fiqhi isiitwe tofauti ya dini. Na hukumu ya kumtoa mtu katika Uislamu iachiwe wenye elimu na masharti yake, isitolewe sokoni Mbuyuni wala kwenye kiti cha daladala. Elimu haikukataza kutofautisha. Ibadhi si Shafii, Shia si Sunni, na mwenye kusema wote ni mamoja amesema uongo kwa ajili ya amani. Lakini kutofautisha ni kazi ya ulimi unaojua, na kutukana ni kazi ya ulimi tu.

Allah (s.w.) katika mwisho wa Surat al-Hajj ametueleza kuwa Yeye ndiye aliyetuita Waislamu, tangu zamani. Tunamuomba atuwafikishe kulitosheka jina alilotupa, na atufishe nalo, kihambani au popote pale. Wallahu a'lam.